Nyoka wa Rangi Kumi Ukutani mwa Darasa la Sita

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Masisi, baridi ilinitesa kuliko kitu kingine chochote. Mimi ni binti wa Walikale, wa msituni, ambako jasho hukutoka hata ukiwa umekaa tu. Nilifika kwenye vile vilima vya kijani nikiwa na magauni mawili mepesi na cheti cha shule ya ualimu, na wiki ya kwanza nilifundisha nimejifunga blanketi mabegani kama bibi kizee. Wanafunzi wangu wa darasa la tano, watoto wa wakulima wa maharagi waliozoea umande tangu kuzaliwa, walinionea huruma. Mama wa mmoja wao alinitumia maziwa ya moto kila asubuhi, kwenye chupa iliyozibwa kwa jani la mgomba.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado mchanga. Walimu Wazungu wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, na sisi vijana tulikabidhiwa madarasa kabla hatujazoea kushika chaki. Shule yetu ilikuwa jengo refu la matofali lenye paa la manjanja, yaani mabati, juu ya kilima. Ukisimama mlangoni uliwaona ng'ombe upande wa pili wa bonde, wadogo kama punje za maharagi zilizomwagika.

Darasa la sita lilikuwa la mwalimu mmoja kijana wa palepale Masisi. Alikuwa mrefu, akiinama kwenye kila mlango hata ule usiohitaji kuinamiwa, na sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mwili ule. Nilidhani watoto wangemkalia kichwani. Lakini walikuwa wakinyamaza ili wamsikie, na darasa lake ndilo lililokuwa tulivu kuliko yote. Mimi niliyekuwa nikipiga kelele mchana kutwa nilimwonea wivu kwa hilo. Baadaye wivu ule uligeuka kitu kingine, lakini sikukipa jina mapema.

Likizo kubwa ilipofika mimi nilikwenda kwetu. Yeye alibaki. Niliporudi, nilimkuta direkta wetu, mkuu wa shule, amesimama nje ya darasa la sita, mikono nyuma, uso umekunjamana.

“Mwalimu,” akaniambia, “ingia uone kile mwenzako amefanya.”

Niliingia. Ukutani, kuanzia juu ya ubao, nyoka mnene alikuwa amezunguka chumba kizima. Alipita juu ya madirisha, akashuka kwenye pembe, akapanda tena, akapita juu ya mlango, na mwili wake wote ulikuwa miraba ya rangi. Nyekundu ilitoka kwenye udongo wa barabarani, manjano ukingoni mwa mto. Nyeupe ilikuwa pembe, ule udongo mweupe ambao mama zetu hupaka nyumba. Nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria, buluu ilikuwa bulu ya kufulia nguo, kijivu majivu, kahawia utomvu wa mgomba. Rangi ya machungwa na ile ya waridi alizipata kwa kuchanganya. Ya kijani aliitoa kwenye majani ya maharagi, nayo ilikuwa imeanza kupauka kabla hata watoto hawajarudi.

“Ni pi,” alisema mwenyewe, akiwa amesimama nyuma yetu na kopo la rangi mkononi. “Kila tarakimu nimeipa rangi yake. Sifuri mpaka tisa, rangi kumi. Tatu njo ile nyekundu pale mwanzoni. Moja nyeupe, nne buluu, moja tena nyeupe…”

Alitaja kama mtu anayewatambulisha ndugu zake kwenye harusi. Alizinakili kutoka kitabu cha jiometri kilichoachwa na walimu waliotangulia, ambacho ukurasa wake wa mwisho ulikuwa umeandikwa tarakimu nyingi kuliko anavyohitaji mtu yeyote.

“Na hazijirudii,” akasema. “Unaweza kuenda, na kuenda, hakuna mahali mpango unaanza upya. Ni kama hivi vilima vyetu. Kila kimoja kinafanana na kingine, lakini hakuna kilicho kingine.”

Direkta alikuwa mzee mwema, ila aliogopa vitu viwili: radi na inspekteri. “Kanisa njo inapambaka,” alisema, kwa Kiswahili chetu ambamo njo ni ndiyo na masomo ni shule. “Masomo inafundishaka. Inspekteri atakuya mbele ya Noeli. Akiniuliza huyu nyoka anafundisha nini, nitasema nini?”

Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na picha nyingine, ambayo hakuna aliyeizungumzia. Mraba mmoja mdogo, ulalo umechorwa kutoka pembe hadi pembe, na juu ya ulalo huo umejengwa mraba mkubwa zaidi, wenye mistari yake miwili ya ulalo. Nyeusi na nyeupe tu. Aliniambia aliichora siku moja baada ya chakula cha mchana ili pembe, ule udongo mweupe uliobaki, isikauke bure.

Masomo yalipoanza, habari za nyoka zilishuka kilima zikafika mashambani, na huko zikapata miguu. Jumatatu moja, mama wa kamati ya wazazi alipanda kuja shuleni. Mama huyu alikuwa mkulima wa maharagi na msimamizi wa wanawake kanisani, mfupi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Ndiye aliyekuwa akinitumia maziwa. Binti yake, aliyekuwa kwangu mwaka uliotangulia, sasa alikuwa darasa la sita.

“Bantu wanasema muliweka nyoka ku masomo,” alimwambia direkta. “Nimekuya kuangalia na macho yangu.”

Watoto walikuwa nje wakicheza. Aliingia, akaketi kwenye benchi la mbele, benchi la wadogo, magoti yake yakafika karibu na kidevu. Akamfuata nyoka kwa macho kuanzia juu ya ubao hadi pale anapokatika nyuma ya kabati. Sisi watatu tulisimama kama washitakiwa.

“Haina macho,” akasema mwishowe. “Haina kinywa. Hii si nyoka. Ni mukeka unatembea.”

Yule mwalimu alicheka kicheko chake kidogo. Direkta hakucheka. “Mama,” akasema, “nyoka ao mukeka, tunataka kujua kama inafundisha. Tusaidie.” Na hapo hapo, kwa kuwa hakutaka kubeba uamuzi peke yake mbele ya inspekteri, akatuteua watatu: yeye, yule mama, na mimi. Tuangalie, tuulize watoto, kisha tuseme kama ukuta ubaki ama upakwe chokaa. Mimi nilitajwa kwa sababu, alisema, nilikuwa na alama nzuri za hesabu kwenye cheti changu.

Nilitaka kukataa. Kufikia wakati huo nilikuwa nikinywa chai na yule mwalimu kila siku baada ya masomo, kwenye ngazi za darasa lake, na nilijua namna anavyoshika kikombe kwa mikono miwili. Si rahisi kumhukumu mtu unayejua anavyoshika kikombe. Lakini direkta alikuwa amekwisha kusema, na mama alikuwa amekwisha kuniangalia.

Tulifanya mtihani wetu siku ya Jumatano asubuhi. Mwenye darasa tulimwomba akae nje. Nikawauliza watoto: “Hii iliyo ukutani ni nini?”

“Ni pi!” walijibu wote.

“Pi ni nini?”

Wakasimama. Bila kuambiwa, darasa zima lilisimama, na kwa sauti moja wakaanza, koma ya desimali wakiiita virgili: “Tatu na virgili, moja, nne, moja, tano, tisa, mbili, sita…” Waliimba kwa mdundo, macho yakifuata rangi, na walipofika kwenye kijani iliyopauka waliitaja kwa nguvu zaidi, kana kwamba wanaitia moyo. Walikuwa wazuri mno kuwatazama. Mama alipiga makofi. Hata direkta alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilisubiri wakachoka. Kisha nikachora duara ubaoni. “Nani anaweza kuniambia, nyoka na hili duara wanahusiana vipi?”

Mvulana mmoja akanyoosha mkono. “Nyoka akitaka kulala, anajikunja hivyo.”

Darasa likacheka, direkta akacheka, mama akafuta machozi kwa kucheka. Niliuliza tena kwa njia nyingine, nikauliza kwa Kifaransa, nikauliza kwa Kiswahili cha nyumbani. Walijua rangi zote. Walijua tarakimu ambazo mimi mwenyewe sikuzijua. Lakini hakuna hata mmoja aliyejua kwamba namba ile ndefu inasema jambo lolote kuhusu sufuria, ngoma, au gurudumu.

Basi nikawageuza waangalie ukuta wa nyuma, ile picha ya nyeusi na nyeupe. Nikauliza: “Mraba mkubwa unashinda mdogo kwa kiasi gani?”

Binti ya yule mama alitoka kwenye benchi lake. Alikuwa mtoto wa maneno machache. Akaweka kidole kwenye mraba mdogo. “Hapa kuna pembetatu mbili,” akasema. Akahamia kwenye mkubwa, akagusa polepole, moja baada ya nyingine. “Hapa kuna ine. Na zote ziko sawasawa.” Akageuka kunitazama. “Mukubwa iko mara mbili ya mudogo.”

“Nani alikufundisha?”

“Hakuna. Naona tu.”

Nikamwuliza kama upande wa mraba mkubwa nao ni mara mbili ya upande wa mdogo. Akafungua kinywa kusema ndiyo, akasita, akachukua bua la mtama lililokuwa dirishani akapima. Hapana. Ni zaidi ya moja, chini ya moja na nusu. Wengine wakainuka kuja kuhakikisha, na punde ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa na migongo ya watoto wanaobishana. Hakuna aliyeimba.

Tulitoka nje. “Sasa?” direkta aliuliza.

“Ile ya nyuma inafundisha,” nikasema. “Nyoka hafundishi. Anapendeza tu.”

“Mutoto wangu anaamkaka mapema kwa sababu ya huyu nyoka,” mama alinijibu kwa ukali. “Mbele nilikuwa namuvuta na mukono. Sasa ananiacha nyuma. Hiyo si kufundisha?”

“Ni kumwita, Mama. Ameitwa, akafika, akakuta hakuna aliyemwambia kitu.”

Direkta alikuna kidevu. Akaamua tusubiri hadi Jumamosi, naye mwenyewe hakutaka kumwambia mwalimu chochote. Nilielewa kazi hiyo ni ya nani.

Nilimkuta mtoni mchana ule, akiosha brashi zake za nyuzi za mgomba. Nilimweleza yote, tangu wimbo hadi nyoka anayejikunja kulala. Nilijaribu kumwanzia na habari njema, kwamba mraba wake ulikuwa umefundisha vizuri kuliko somo langu lolote.

“Ule niliochora ili pembe isikauke,” akasema.

“Ndiyo.”

Aliendelea kuosha brashi iliyokuwa imekwisha kutakata. “Likizo nzima nilikuwa juu ya ngazi,” akasema. “Mama yangu alikuwa anauliza kama nimeoa ile ngazi.” Alitabasamu kidogo, lakini hakunitazama. “Basi. Kesho nitatafuta chokaa.”

“Sikusema upake chokaa.”

“Umesema hafundishi.”

“Nimesema hivyo, na ni kweli.”

“Njo hivyo basi.” Akakusanya vitu vyake, akapanda kilima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunisubiri kwenye utelezi.

Jioni ile hakukuja kwenye ngazi kunywa chai. Wala kesho yake. Nilikunywa peke yangu, nikajiambia kwamba nilisema ukweli, na kwamba mwalimu anapaswa kusema ukweli, na chai ilikuwa mbaya. Ijumaa, maziwa yangu hayakuletwa na mtoto. Aliyaleta mama mwenyewe.

“Umemuvunja yule kijana roho,” akasema, kabla hata sijamkaribisha.

“Mama, ungependa nidanganye?”

“Nani amesema udanganye? Sikiliza. Ukiona nyumba ya mwenzako inainama, hausimami ku njia kusema ‘inainama, inainama.’ Unaleta muti, munaegemeza.” Akaweka chupa mezani. “Kunywa, iko moto. Kisha uende.”

Nilikunywa, kisha nikaenda. Nilimkuta darasani kweli, na ndoo ya chokaa miguuni, anamwangalia nyoka wake. Chokaa ilikuwa bado haijakorogwa. Hilo lilinipa nguvu.

“Shida ya huyu nyoka,” nikamwambia, “ni kwamba hana kichwa. Anaanza na tatu tu, hakuna anayejua ametoka wapi. Tumpe kichwa.”

Aligeuka. “Kichwa gani?”

“Duara. Duara linalofunguka likawa mstari. Aanzie hapo.”

Nilimwona anapima ukuta kwa macho. Kisha akatoka mbio, mtu yule mrefu asiyekimbia, akarudi anasukuma toroka, yaani toroli, la mafundi waliokuwa wakitengeneza nyumba ya direkta, lile la gurudumu moja la chuma. Mafundi walikuwa nyuma yake wakilalamika. Watoto walikuwa nyuma ya mafundi.

Alilipindua toroka, akaling'oa gurudumu lake. Akakata bua liwe na urefu sawa kabisa na upana wa gurudumu, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Akakoroga chokaa kidogo, akaweka tone moja tu kwenye ukingo wa gurudumu. Ubao mrefu ukalazwa sakafuni. Binti wa maneno machache ndiye aliyepewa kulisukuma, polepole, gurudumu likatembea juu ya ubao, na mahali tone lilipogusa pakabaki alama: moja mwanzoni, na nyingine lilipomaliza kuzunguka.

“Sasa pimeni,” akasema kwa ile sauti ndogo, na kila mtu akanyamaza.

Bua lililazwa mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Alama ya pili ya chokaa ilikuwa bado mbele kidogo.

“Imebaki!” watoto walipiga kelele. “Imebaki kipande!”

“Jaribuni na sufuria,” akasema. Wakakimbia kwa mpishi wa direkta wakaleta sufuria, wakaleta ngoma ya kanisa, wakaleta ungo, na kwa sababu hivyo havikubiringika vizuri walivizungushia kamba ya mgomba. Kila kitu kilipimwa kwa upana wake chenyewe. Kila kimoja kilikuwa mara tatu, na kipande. Kikubwa kipande kikubwa, kidogo kipande kidogo, lakini daima mara tatu na kipande. Fundi mmoja aliacha kulalamika akaleta karai lake nalo lipimwe.

Hapo ndipo alipowaonyesha ile nyekundu ya kwanza, juu ya ubao. “Tatu njo hii. Na nyoka wote anayefuata, mwili wake wote, anajaribu kusema kipande kile ni kikubwa namna gani. Ukigawa bua mara kumi, kipande ni zaidi ya sehemu moja: njo hii moja nyeupe. Kinachozidi, kigawe tena kwa vidogo zaidi: njo hii nne. Na tena. Na tena.”

Watoto walitazama juu. Niliona macho yakitembea kwenye ule mwili wa rangi kwa namna tofauti na siku ya mtihani, taratibu, kama mtu anayepanda mlima akijua anakokwenda.

Binti akanyoosha mkono. “Mwalimu, ulisema nyoka hana mwisho.”

“Hana.”

“Lakini kipande kina mwisho. Hiki hapa.” Akaweka kidole kwenye alama ya chokaa. “Ninaushika.”

Nilimtazama mwalimu wao, naye akanitazama. Hakuna kati yetu aliyefundishwa jibu la swali lile. Niliona anafikiri, midomo inatembea bila sauti.

“Kipande kinaisha,” akasema mwishowe. “Kuhesabu kwetu njo hakuishi.”

Binti alilifikiria jibu hilo. Sidhani kama alilikubali. Alirudi kwenye benchi lake na kidole chake bado cheupe, akiendelea kukitazama.

Jumamosi waamuzi watatu hatukuwa na mengi ya kubishania. Kichwa kilikuwa kimekwisha kuchorwa: gurudumu, mstari uliofunguka kutoka kwake, mabua matatu mekundu yaliyolazwa, na kipande cheupe, na kutoka kwenye kipande hicho nyoka anaanza safari yake. Nilimchanganyia rangi mimi. Direkta aliwauliza watoto maswali yake mwenyewe, akajibiwa, akaita ukuta “matériel,” yaani kifaa cha kufundishia, neno lililompa usingizi mzuri. Mama alisema alijua tangu mwanzo.

Inspekteri alikuja mvua ikinyesha. Tulikuwa tumewatayarisha watoto, tumeweka gurudumu mahali pake, direkta amevaa tai. Bwana yule aliingia darasa la sita na mwamvuli wake, akasimama katikati, na macho yake yakapanda ukutani moja kwa moja. Macho yakampita nyoka, yakapita juu ya dirisha, yakafika kwenye dari.

“Paa lenu linavuja,” akasema.

Ni kweli, lilikuwa linavuja, matone yalikuwa yakianguka kwenye kabati. Akauliza lini liliezekwa, akamshauri direkta kuhusu misumari, akasikiliza imla ya Kifaransa, akaenda zake. Kuhusu nyoka alisema, mguu mmoja ukiwa mlangoni, kwamba rangi ni za kuchangamsha.

Direkta alikaa kwenye benchi, akalegeza tai, akaanza kucheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo, kwa tumbo lote. Yule mwalimu alijiunga, kisha mimi, na watoto ambao hawakuelewa wakacheka kwa kuwa walimu wanacheka.

Chai ilirudi kwenye ngazi. Tulibishana pale misimu miwili ya maharagi. Yeye alishikilia kwamba mtoto lazima apendezwe kwanza, hata bila kuelewa. Mimi nilishikilia kwamba uzuri usiojibu swali humzoesha mtoto kutouliza. Siku moja, katikati ya mabishano, aliniambia angependa kubishana na mimi hata tukiwa wazee. Nilimwuliza kama hiyo ni posa. Akasema kwa sauti yake ndogo kwamba ndiyo, kama nimesikia.

Ndugu zake walishuka Walikale na ng'ombe mmoja wa mahari. Walishuka naye kwa lori na kwa miguu, kutoka kwenye majani mazuri ya Masisi hadi kwenye msitu wetu, ambako hakuna aliyekuwa amewahi kufuga ng'ombe. Wajomba zangu walimzunguka wakimstaajabia. Hakuna aliyejua kumkamua. Alikula mihogo ya shangazi, akalia siku nzima, na mwishowe baba yangu alimrudisha kwa heshima, akisema amempokea moyoni na kwamba moyoni majani yapo mengi.

Baadaye tulipelekwa sote wawili kufundisha kule kwetu. Shule ilikuwa ya mbao, na unyevu wa msitu ulikula kila rangi aliyojaribu; ukungu ulikuwa wa kijani kuliko kijani yake yoyote. Alihuzunika kwa muda. Kisha akaacha kuta, akaanza kuwatoa watoto nje.

Asubuhi moja tulikuwa na darasa zima kwenye mti mkubwa nyuma ya shule, mti ambao shina lake lilikuwa pana kama chumba. Watoto walishikana mikono kuuzunguka. Baba yangu alikuwa anapita kutoka shambani, panga mkononi, akasimama.

“Mutaukata?” akauliza.

“Hapana, Papa,” mume wangu alimjibu, shavu limebanwa kwenye gamba, mkono mmoja umenishika mimi. “Tunaupima.”

“Mukishaupima, mutaufanya nini?”

“Hakuna. Tutajua tu.”

Baba alitutazama. Upande wa pili wa mti mtoto mmoja alikuwa akilia kwamba mnyororo haufiki, mikono yake na ya mwenzake imekosana kidogo tu. Baba aliweka panga lake chini kwenye majani, akafuta viganja kwenye suruali, akazunguka mti, akaingia katikati yao.